Pale Picha Iliposimama

Shida aliingia dukani kwa Joakim, mjini Bariadi, saa nne ya asubuhi ya Jumatatu, na damu iliyolowesha kitenge chake haikuwa yake. Hakuamkia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasema:

"Fundi, ile ngoma ya Nassa ya Jumamosi, unayo?"

"Ninayo. Sijaichoma bado. Njoo kesho..."

"Kesho kaka yangu Marcelo atakuwa amekwisha kuzikwa, kama watatuachia cha kuzika."

Joakim aliweka chini bisibisi aliyokuwa nayo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mpiga picha za harusi na ngoma, mchomaji wa diski mashuhuri toka Nassa hadi Sola. Wenzake wa mjini walikwisha kuhamia kwenye flashi na simu. Yeye alibaki na diski, kwa kuwa wateja wake walikuwa vijijini, na huko deki, mashine ya kuchezea diski, ilikuwa bado inakaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, mahali pa heshima.

Akamsikiliza. Jumamosi, saa tisa alasiri, Mayunga mwana wa Luhende aliuawa, akaokotwa kando ya lambo la kijiji cha Nkoma, uso ukiwa ndani ya tope walimonywea ng'ombe wake. Panga lilikuwa limempita shingoni mara mbili na begani mara tatu, na mkono wa kulia, ule aliouinua kujikinga, ulikuwa umebaki ukining'inia kwa ngozi. Ng'ombe kumi na wawili hawakuonekana. Watu wakapiga mwano, ule ukelele wa hatari unaopokelewa kijiji hata kijiji, na wanaume wakatoka na mishale. Wezi hawakupatikana. Lakini mwenye msiba hulala na jina kinywani, na jina lililokuwapo ni la Marcelo, kwa kuwa juma moja kabla ya hapo yeye na Mayunga walipigana fimbo kwenye lambo lile lile, na Marcelo akaondoka akisema, "Utaniona." Na Jumamosi hiyo Marcelo hakuwapo kijijini.

"Alikuwa wapi?" akauliza Joakim.

"Nassa, mbali na kwetu, kwenye ngoma. Alikwenda peke yake. Sisi sote tulikuwa tunachuma pamba. Leo alfajiri sungusungu wamemtoa ndani. Wamempiga tangu kulipopambazuka, fundi. Meno yake nimeyaokota mimi." Akafungua kiganja. Yalikuwa matatu. "Mtemi Mayige, mkuu wao, kasema, kama alikuwa Nassa, na iletwe diski, ichezwe kwenye deki yake mwenyewe mbele ya dagashida, baraza zima la kijiji. Si simu, si kompyuta. Anasema kompyuta hupika, deki hupakua tu. Na mwisho wa kungoja ni saa tisa, saa ile ile aliyouawa Mayunga."

Akamalizia kwa sauti ya chini: "Tena watu wanacheka. Wanasema Marcelo kamtaja shahidi mtu wa diski mbili."

Jina hilo lilimchoma Joakim, kwa kuwa alilijua na alijua alivyolipata.

Miaka miwili nyuma, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyo mahasimu, walishindana ngoma hapo Nkoma baada ya mavuno. Na katika mashindano hayo mshindi si anayecheza vizuri. Mshindi ni anayevuta watu wengi. Siku ile umati uligawanyika sawasawa, hata waamuzi wakashindwa. Joakim akaona riziki. Akatengeneza diski mbili za ngoma moja: ya Bagika, ambamo umati wa Bagika ulifurika kama mto, na ya Bagalu, ambamo umati wa Bagalu ulikuwa hauna mwisho. Alichofanya kilikuwa chepesi: alichukua kipande cha watu wakipita mbele ya kamera, akakirudia. Kila upande ukanunua ushindi wake. Kisha siku moja diski hizo mbili zikakutana kilabuni, watu wakabishana, na mpwa wa Mayige akapasuliwa kichwa kwa mguu wa kigoda, akafa kabla ya kufika zahanati. Joakim aliitwa, akaapa mbele ya watu kwamba diski zote mbili ni za kweli, kamera ilisimama pande mbili tofauti, basi. Wakamwachia. Hawakumwamini, wala hawakuweza kumkamata.

"Keti," akamwambia Shida. "Nipe muda wa kufikiri."

Na kufikiri kwenyewe kulikuwa huku. Ngoma ya Nassa ilichukua muda wa saa tatu na nusu, kuanzia saa saba mchana, na faili lake lilikuwa tayari, zima, halijaguswa. Lilikaribia GB nane. Diski ya kawaida, ya tabaka moja, hubeba GB nne nukta saba, haizidi. Kulibana faili hadi lienee humo kungekula mchana kutwa. Kuligawa katika diski mbili kulikuwa rahisi; lakini nani angepeleka diski mbili Nkoma, akiwa na jina lile? Wangeuliza tu: kati ya ya kwanza na ya pili umetupa nini? Kukata kipande chenye Marcelo peke yake kungekuwa kujihukumu mwenyewe. Na kadi ya kamera alikwisha kuifuta Jumapili kwa ajili ya harusi.

Ilibaki njia moja. Ndani ya droo kulikuwa na diski tupu iliyoandikwa DVD+R DL, ya tabaka mbili, yenye kubeba GB nane nukta tano. Humo ngoma ingeingia nzima, tangu kigelegele cha kwanza hadi vumbi la mwisho, bila mkasi. Tatizo lake alilijua vilevile: deki kuukuu husoma diski za tabaka mbili zitokazo kiwandani, lakini za kuchomwa huzikataa mara nyingi, kama ndama anavyokataa ziwa la ng'ombe asiye mama yake. Joakim hakuwahi kuiona deki ya Mayige.

Ama diski inayosomeka na isiyoaminika, ama diski ya kuaminika ambayo huenda isisomeke. Akaichukua ya tabaka mbili, akaitia katika kompyuta, akakaa anaitazama taa ikipepesa kwa dakika arobaini, Shida akiwa nyuma yake na meno ya kaka yake kiganjani.

*

Walifika Nkoma saa saba na nusu. Ua wa Mayige ulikuwa umejaa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya zizi. Marcelo alifungwa kwenye nguzo ya zizi kwa kamba za mkonge, mikono nyuma, magoti yakiwa hayamchukui tena. Uso ulikuwa umevimba hata pua na shavu vikawa kitu kimoja. Inzi walikuwa kwenye midomo yake na hakuwa na mkono wa kuwafukuza.

Hatua tano mbele yake, juu ya kigoda, aliketi mzee Luhende, baba wa marehemu, na panga mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa akilipitisha dole gumba kwenye makali, kwenda na kurudi, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto.

"Mwadila, Mtemi," akaamkia Joakim.

"Mwadila," akajibu Mayige, mkuu wa sungusungu, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. "Karibu, mtu wa diski mbili. Leo umeleta ngapi?"

"Moja, Mtemi."

"Moja! Basi leo umetuletea nusu ya uongo wako wa kawaida."

Watu wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kibaya kuliko matusi. Runinga iliwekwa juu ya meza chini ya upenu, nyaya zikatoka kwenye betri ya sola. Deki ilikuwa ya zamani, rangi ya fedha imebanduka. Joakim akaipangusa vumbi. Akafungua mlango wake, akaiweka diski. Deki ikanguruma, ikakoroma, ikanyamaza. Ikakoroma tena. Kisha maandishi yakatokea katika kioo.

"Mwalimu, inasemaje?" akauliza Mayige.

Mwalimu Elineema wa shule ya msingi, aliyehamishiwa hapo kutoka Same, na ambaye tangu asubuhi alikuwa amewapigia simu askari na kuambiwa gari lipo upande wa pili wa mkoa, alikohoa. Hakutaka kusoma. Akasoma. "Inasema... hakuna diski."

"Hakuna diski!" ukelele ukapanda. "Hata mashine imekataa kumshuhudia!"

Kijana mmoja akatoka mbio, akamtia Marcelo rungu la mbavu, na sauti ya kuvunjika ilisikika hadi upenuni. Mwingine akampiga teke la mdomo. Marcelo akatema damu juu ya kifua chake mwenyewe. Hakuwa na pumzi ya kulia.

"Acheni!" akapaza Joakim. "Mtemi, diski imo! Deki yako ndiyo haiioni!"

"Deki hii imecheza kila diski tangu nilipoinunua Bariadi."

"Imecheza za tabaka moja. Hii ina matabaka mawili, moja juu ya jingine. Ni kama kisima, Mtemi: maji ya juu yapo na maji ya chini yapo, lakini kamba ya ndoo hii ni fupi. Hailaumiwi deki, wala halaumiwi Marcelo. Nimeichukua hii kwa sababu ngoma yote imo, sikukata hata kope ya mtu. Tafuta deki nyingine, mpya zaidi."

Mayige akalitazama jua. "Nani ana deki?"

"Mimi ninayo," akasema Mwalimu Elineema. "Ya mwaka juzi. Ipo nyumbani kwangu shuleni."

"Nenda. Ukichelewa, hatutakungoja."

Mwalimu alitoka mbio kama mwanafunzi wake. Na kwa muda wote aliokuwa njiani, Marcelo hakuachwa. Kila aliyepita mbele ya nguzo alimwachia kitu: fimbo, jiwe, mate. Jiwe moja, dogo, lenye ncha, lilirushwa na mtu ambaye Joakim hakumwona, likaingia katika jicho la kushoto. Shida alijaribu kumfunika kaka yake kwa mwili wake. Wakamkokota kwa nywele, wakamtupa penye samadi, akainuka, akarudi, wakamtupa tena. Luhende peke yake hakutikisika. Alikuwa akiingoja saa tisa.

*

Deki ya mwalimu iliichukua diski, ikaizungusha mara mbili tatu bila kelele, na Nassa ikatokea katika runinga.

Ziwa lilionekana kwa mbali likimeremeta, na mbele yake vumbi, manyoya, vigelegele, na jukwaa lililofungwa kitambaa chenye jina la ngoma na tarehe ya Jumamosi ile. Hilo hakuna aliyelibisha. Joakim akaipeleka picha mbele kwa rimoti, saa ya kwanza, hadi saa ya pili ikakaribia kwisha.

"Hapo!" akasema Shida. "Bagalu wanaingia. Kaka hakosi kuwa nao."

Joakim akaiacha picha iende kwa mwendo wake. Kundi la Bagalu liliingia likitimka, watu wakijipanga kandokando. Mchezaji mmoja akaruka juu, miguu imekunjwa chini yake. Na hapo, akiwa hewani, picha ikasimama.

Haikusimama sana. Ni muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Mchezaji alining'inia angani, ngoma zikanyamaza, kisha akatua, sauti ikarudi, na mbele kabisa ya umati, shati la njano, kicheko mdomoni, akaonekana Marcelo.

"Ndiye!" Shida akapiga kelele. "Ndiye! Mmemwona!"

Lakini Luhende alikuwa amekwisha kusimama.

"Hapo pamekatwa," akasema.

Hakusema kwa nguvu. Hakukuwa na haja. "Kabla picha haijasimama, Marcelo hakuwapo. Iliposimama, akawapo. Amemshona hapo kama kiraka."

"Si kiraka, baba!" Joakim akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hapo ndipo tabaka la kwanza linapokwisha. Mwanga unaosoma diski hushuka kwenda tabaka la pili, na katika kushuka..."

"Katika kushuka ukamtia mtu."

"Mtu wa diski mbili!" wakaitikia watu. "Hata moja kaifanya mbili!"

Laiti wangempa nafasi, angewaeleza kwamba kila diski ya tabaka mbili hupumua mahali fulani, na kwamba mahali penyewe huangukia popote, penye sherehe au penye msiba. Hii iliangukia penye roho ya mtu. Hawakumpa. Walishikana, wakafanya duara, na Luhende akaingia katikati yake. Alipofika kwenye nguzo akamshika Marcelo nywele, akamwinamisha kichwa, akainua panga.

Shida akajirusha, akauma mkono ule. Panga likateremka upande: likachukua sikio la Marcelo, likazama katika nguzo ya zizi, na sikio likaanguka juu ya mguu wa mzee. Ng'ombe walio ndani waliruka kwa harufu. Luhende akamsukumia mbali binti yule kwa kiwiko, akaanza kulichomoa panga katika mti.

"Ningekata, msingeona!"

Joakim alisikia sauti yake kabla ya kujua kwamba ni yake. Watu wakageuka. Panga lilikuwa bado limeshikwa na mti.

"Umesema nini?" akauliza Mayige taratibu.

Hapo palikuwa na mlango, na Joakim aliuona vizuri. Upande huu alikuwa na mikono yake, duka lake na kiapo alichokula. Upande wa pili alikuwapo mtu mmoja aliyefungwa nguzoni, hana jicho, hana sikio. Nani asiyejua kwamba katika ushahidi wote hakuna mzito kama ule mtu anaoutoa juu ya nafsi yake? Mzito kwa wanaousikia, na mzito zaidi kwa anayeubeba.

"Nimesema, Mtemi, kwamba mimi nikikata, picha haisimami. Mkasi wangu hauachi kovu. Nimekwisha kuwakata, na mmetazama miaka miwili, na hamkuona."

"Wapi?"

"Ngoma ya hapa. Ya Bagika niliikata. Ya Bagalu niliikata. Zote mbili ni za uongo, na kiapo changu kilikuwa cha uongo."

Hakuna aliyecheka. Mayige, ambaye damu ya mpwa wake ilimwagika kwa ajili ya diski hizo, akabaki ameishika filimbi yake kana kwamba amesahau kazi yake.

"Ushahidi," akasema hatimaye. "Safari hii nionyeshe. Sitaki kuambiwa tena."

"Nani ana ile ya Bagika?"

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya zizi. Alikuwa mke wa Luhende, amejifunga kaniki ya msiba. "Ipo kwetu. Mayunga alikuwa akiitazama kila Jumapili."

Ikaletwa, imefungwa katika kitambaa. Joakim akaigeuza, akaionyesha. "Hii ni ya tabaka moja. Mtemi, itie katika deki yako mwenyewe, ile isiyojua kusema uongo."

Deki kuukuu ikaipokea mara moja. Joakim akaipeleka mbele hadi mahali alipopajua kama mtu ajuavyo kidonda chake.

"Tazameni watu wanaopita. Mtazameni mmoja tu, yeyote."

Umati ukapita: mama mwenye beseni, wazee wawili walioshikana mikono, kisha kijana mrefu, kibuyu mkononi, anakunywa huku anakwenda. Akajikwaa. Pombe ikammwagikia kifuani. Akatazama kulia na kushoto kama aliyeona haya, akacheka, akajifuta kwa mkono wa kulia, akapita.

Mke wa Luhende akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

Alikuwa Mayunga. Mkono wa kulia ulikuwa mzima.

"Endeleeni kutazama," akasema Joakim, ambaye katika miaka yote miwili hakuwa amejua jina la kijana yule. "Msipepese."

Ngoma zikaendelea bila kusita hata chembe. Umati ukaendelea kumiminika. Na tena akapita mama mwenye beseni. Wakapita wazee wawili. Akaja Mayunga, akajikwaa, akamwagikiwa, akatazama kulia na kushoto, akacheka, akajifuta, akapita.

"Hakuna mtu anayejikwaa hivyo mara mbili," akasema Joakim. "Huo ndio mkato wangu. Mmeona picha imesimama? Na ile ya Nassa imesimama kwa sababu mimi sikuigusa. Aliyeghushi angeanza kwa kuificha ile pumzi. Marcelo alikuwa Nassa. Mimi nilikuwa mwongo, lakini Marcelo alikuwa Nassa."

Luhende aliliacha panga katika nguzo. Alikwenda hadi mbele ya runinga, akachuchumaa, uso wake karibu ugusane na kioo, na vumbi la ngoma ya zamani likamulika mvi zake.

"Mrudishe," akasema.

Joakim akairudisha. Mayunga akajikwaa, akacheka. "Tena." Akajikwaa, akacheka. Mara ya tatu mzee akaweka kiganja juu ya kioo, na ndipo akalia. Kilio kikubwa cha mwanamume, ambacho tangu Jumamosi kilikuwa kimegeuka chuma mapajani mwake.

Alipoinuka, alitazama nguzoni, akatazama sikio lililokuwa mavumbini.

"Mfungueni," akasema. "Huyu hakumuua mwanangu."

*

Marcelo alifunguliwa, akaanguka kama gunia. Shida alichana kitenge chake, akamfunga kichwa, na Mwalimu Elineema akaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Jicho lilikuwa limekwenda. Pumzi ilikuwapo.

Joakim alikuwa bado amesimama upenuni. Hakujaribu kukimbia, na hata angejaribu, wanaume wa Bagika walikuwa wamesimama upande mmoja na wa Bagalu upande wa pili, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hawakuwa na ugomvi baina yao.

"Mpwa wangu alikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema Mayige.

"Ninajua, Mtemi."

"Ulikuja kwenye matanga yake. Ulikula ugali wetu."

"Nilikula."

"Leo umeokoa mtu. Kwa hilo hatutakuua." Mayige akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani kando ya deki, kama mtu anayeondoa cheo kabla ya kazi ya nyumbani. "Leteni kinu."

Wakaleta kinu, wakakilaza ubavu. Wanne walimshika, mmoja magoti, mmoja mabega, wawili mkono wa kulia, wakaulaza juu ya mti uliokuwa mlaini kwa unga wa miaka. Mwanamke mmoja akawageuza watoto nyuma. Mchi uliinuliwa na mtu wa Bagika. Uliposhuka mara ya kwanza Joakim alipiga ukelele, na ulipopokewa na mtu wa Bagalu ukashuka mara ya pili, hakuwa na ukelele uliobaki. Vidole vyote vitano. Walikuwa na subira, hawakuharakisha. Walipomaliza walimwagia maji, wakaondoka mmoja mmoja bila kutazamana.

Alipofumbua macho alikuwa ameegemezwa ukuta, mkono umefungwa kwa kaniki. Mbele yake alikuwa amechuchumaa Luhende, na mkononi alikuwa na diski yake, ile ya Bagika.

"Fundi," akasema mzee. "Hii itadumu?"

Joakim alifikiri ni kejeli. Akamtazama, akaona si kejeli.

"Za kuchomwa hazidumu kama za kiwandani, baba. Jua huila. Joto huila. Usiishike usoni kwa vidole, ishike ukingoni. Usiiache ndani ya deki."

"Na deki yangu ni kama ya Mayige. Itaisoma siku zote?"

"Itaisoma. Hii ni ya tabaka moja." Maumivu yalipanda hadi begani, akafumba macho, akayangoja yapite. Kisha akasema jambo ambalo aliona ni deni. "Nikipona, baba, nitakutengenezea nyingine, ya kweli. Nitaondoa ule uongo. Mwanao atapita mara moja, kama alivyopita."

Luhende akaigeuza ile diski, na duara la mwanga likatembea juu ya ukuta, juu ya kinu, juu ya nguzo ambayo panga lilikuwa bado limezama ndani yake. Akaifunga katika kitambaa, tabaka juu ya tabaka, akaitia kifuani.

"Usiiguse," akasema. "Mwache apite mara mbili."